Lodwar hadi Marsabit: safari yetu ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Wengi mmeuliza kwa nini tukodi ndege ilhali kwenye ramani Lodwar na Marsabit, miji ya kaskazini mwa Kenya, zinatazamana. Katikati limelala Ziwa Turkana, urefu wake zaidi ya kilomita 250, na gari hulazimika kulizunguka kusini kabisa. Hizo ni siku mbili za vumbi. Angani ni kilomita 280 hivi, karibu saa moja kwa ndege ndogo.

Mlima Marsabit hufunikwa na ukungu asubuhi, kwa hiyo tutaruka saa nne, si alfajiri. Kila begi litapimwa, nasi pia tutapanda mizani. Leteni mabegi laini ya kitambaa. Nawasihi, punguzeni nguo: maboksi ya miwani tunayowapelekea wazee wetu yapate nafasi kwanza.