Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuhusu chaja za baiskeli za umeme

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: CHAJA ZA BAISKELI ZILIZOFUNGWA MOTA

Salamu kutoka Buzuruga, Mwanza. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni fundi baiskeli. Siku hizi mtu ananiletea baiskeli yake ileile ya zamani pamoja na seti aliyonunua: rimu yenye mota, betri na chaja. Nafunga, anaendelea kubeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba bila kutweta vilimani. Mota hazinisumbui sana. Kinacholaza baiskeli hizi ni chaja.

Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, chaja ndiyo inayopokea kipigo. Ya kawaida naifungua, nakuta kapasita imevimba kichwa, naing'oa, nachomelea nyingine, mtu anaondoka. Sasa kuna aina imeingia mjini ambayo ndani imemwagiwa gundi nyeusi, imekauka kama lami. Ncha yake ni ya sumaku, ina pini tano. Mbili nene zinapitisha umeme, tatu nyembamba ni za chaja na betri kutambuana. Betri isipoitambua chaja haipokei kitu, hata uiletee volti zilezile. Mteja wangu, mchuuzi wa sato, alirudi dukani akaambiwa chaja peke yake haiuzwi, anunue seti nzima. Yaani mota na betri vizima vitupwe kwa ajili ya kijidude cha kuchomeka ukutani!

Watu wakibanwa hivyo wanakata waya na kuunga wanavyojua. Betri ya lithiamu ya volti 36, ile ya seli 10 zilizofuatana, hujaa kwenye volti 42. Ya 48 yenye seli 13 hujaa kwenye 54.6. Chaja zao kwa macho ni mapacha, na ncha inaweza kuingia tundu lilelile, hivyo ya 48 inaweza kuishia kwenye betri ya 36 na kuijaza kupita kiasi. Volti zikilingana bado kuna balaa jingine: pini iliyo chanya kwenye seti moja ni hasi kwenye nyingine, maana kila kiwanda kinapanga kinavyotaka. Kinga ya ndani ya betri ikiwa nzima huenda ikakata. Ikiwa mbovu, ni moto, na wengi wanachaji usiku chumbani wanamolala na watoto.

India mwaka 2023 walipitisha kiwango chao cha soketi ya kuchajia vyombo vidogo vya usafiri vya umeme. Umoja wa Ulaya nao, tangu 28 Desemba 2024, unataka simu mpya zitumie tundu moja la USB-C. Sisi hatujafika huko, na siombi makubwa hivyo. Naomba seti isiruhusiwe kuingia kama betri yake haina maandishi yasiyofutika: aina ya seli, volti za kujaa, ampea za mwisho inazopokea, na mchoro wa pini. Anayeleta chaja yenye kufuli, yaani ile ya kutambuana na betri, alazimike kuiuza na peke yake. Hataki? Alete yenye soketi ya kawaida.

Kwa zile ambazo tayari ziko mitaani, wauzaji watupe mafundi mchoro wa pini. Karatasi moja tu inatosha.

Maofisa wako wa Kanda ya Ziwa wakitaka kujionea, waje bandani na testa yao. Chaja mbovu ninazo debe zima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi baiskeli, Buzuruga