Habari ya figo mmeiacha nusu

Mhariri,

Ile habari yenu ya wagonjwa wa figo kuongezeka nimeisoma mpaka mwisho, nikairudia nikidhani nimeruka mstari. Presha ipo, sukari ipo, dawa za maumivu zipo. Zebaki haipo. Mnaandikia watu wa Dodoma na Singida, ambako Sekenke pale Iramba dhahabu inachimbwa tangu enzi za Mjerumani, halafu zebaki haimo! Miaka yote nasoma tu na kunyamaza, leo nimeshindwa.

Mdogo wangu alikuwa mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, huko Singida. Anafikicha zebaki na mchanga wa dhahabu kwenye beseni mikono mitupu, akipata kidonge cha zebaki iliyoshika dhahabu anakichoma kwenye kikaango, mvua ikinyesha anachomea ndani wanamolala watu. Akaanza kuvimba uso asubuhi, mkojo una povu kama maji ya kufulia. Nikampeleka kituo cha afya, wakapima kriatinini tu, ile taka ya kwenye damu inayotolewa na figo, wakasema figo nzima, akanywe maji mengi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya kazi gani!! Sasa kriatinini inaweza kuonekana sawa mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo umeshaondoka, na hilo wataalamu wanalijua. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na karibu zote zinarudi mwilini, kazi hiyo inafanywa na seli za kwenye mirija ya figo, zinatumia nguvu nyingi mno ndo maana zimejaa mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli. Mvuke wa zebaki ukivutwa unaingia kwenye damu, na sehemu kubwa inaenda kujikusanya kwenye seli hizohizo, inang'ang'ania protini zenye salfa, inamaliza glutathioni inayoilinda seli, mitokondria zinashindwa kazi, seli inakufa. Chujio lenyewe nalo likiguswa protini inamwagika kwenye mkojo, ndo lile povu, na kijiti cha kupima mkojo kingeonyesha palepale. Na siyo zebaki peke yake, kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ikishaingia kwenye figo inakaa miaka 10 hadi 30, kule Toyama, Japani, mgodi ulichafua mto Jinzu, watu wakala mpunga wa maji yale, figo zikaharibika mpaka mifupa ikawa inavunjika.

Halafu hapa mjini dada zetu wanauziwa mkorogo wenye zebaki hiyohiyo, inapita kwenye ngozi inafika figo zilezile. Imepigwa marufuku siku nyingi lakini ipo madukani, na ikikamatwa tunaona picha inateketezwa kwa moto, jamani, zebaki ukiichoma si ndo unairusha hewani watu waivute?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, 2020, na mkataba unataka kuchoma dhahabu yenye zebaki kwenye makazi ya watu kukomeshwa. Masoko ya madini yapo tangu 2019. Basi pale dirishani mchimbaji anapopimiwa dhahabu yake awekewe na kikopo cha mkojo, upimwe zebaki na protini, gharama ikatwe kwenye ushuru uleule anaolipa. Asiye na ritoti ya kuchomea, kile chombo cha kufunika kinachonasa mvuke wa zebaki, akopeshwe hapohapo, alipe kidogokidogo kila akileta mzigo. Na daftari la kila kituo cha afya huku kanda ya kati liongezwe safu moja ya kazi ya mgonjwa, ijazwe kabla hajatolewa damu.

Na nyie irudieni hiyo habari, ukurasa uleule wa mbele, mkifika kwa daktari wa figo muanze na swali la zebaki.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma