Ariel naye ni mtumwa

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, tamthilia ya Tufani ya Shakespeare ikizungumziwa, huruma yote humwendea Caliban. Anastahili. Kisiwa alikirithi kwa mama yake Sycorax, akamwonyesha Prospero, mchawi mgeni aliyetoka Milan, chemchemi za maji matamu, kisha akageuzwa mbeba kuni. Prospero mwenyewe anamwambia bintiye kwamba hawawezi kuishi bila mtumwa huyo, maana ndiye anayewawashia moto. Bwana mkubwa, moto unamshinda!

Mimi namtazama zaidi Ariel, roho anayemtumikia Prospero. Huyo hubembelezwa. Lakini siku anapodai uhuru alioahidiwa, Prospero anamkumbusha jinsi alivyomtoa ndani ya msonobari alimobanwa miaka 12, tena anamtishia kumpigilia ndani ya mwaloni miaka 12 mingine. Ariel anaomba radhi, anatii. Baadaye ni yeye anayewachochea mizimu wenye sura ya mbwa wamkimbize Caliban na walevi wenzake. Wazee wetu waliofanya kazi migodini enzi za Wabelgiji wangemtambua mara moja: kapita, yaani msimamizi Mwafrika aliyewasukuma wenzake kwa niaba ya bwana.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomsifu Ariel kuwa mfano wa subira yenye malipo. Anaachiliwa pale tu bwana alipomaliza haja zake na kujiandaa kurudi Milan. Caliban naye, yule muasi, anamkimbia bwana mmoja akabusu mguu wa mwingine, Stephano mlevi.

Vikundi vya maigizo vya mjini vikiicheza, naomba Ariel asivalishwe mabawa meupe. Apewe kiboko mkononi.

Mpenzi wa maigizo,
Komini ya Kenya, Lubumbashi