Barua kwa shangazi wa Malindi: mbegu zako za tungule zilifia kabatini

Shangazi, shikamoo.

Umeuliza kwa nini mbegu za tungule, yaani nyanya, ulizozikamua mwaka jana zimeota tatu tu. Usiulaumu udongo. Zilifia kabatini, ndani ya ile bahasha ya karatasi. Hewa ya pwani ina maji usiku na mchana, na mbegu huyanywa kama chumvi inavyolowa kikoponi.

Kwanza tumtazame mama, yaani mmea unaotoa mbegu. Kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, kula tungule zake na usijisumbue kuweka mbegu: hiyo ni chotara, na watoto wake kila mmoja hutoka na sura yake. Aina za Cal J, Rio Grande na Money Maker si chotara; watoto humfuata mama. Na unapochagua, chagua mtungule mzima, si tunda kubwa lililokupendeza macho. Utazame ule ulioshika matunda Februari na Machi, wakati maua ya wenzake yanapukutika kwa sababu usiku haupoi. Sifa hiyo hurithiwa. Kitako cheusi cha tunda hakirithiwi. Hicho ni kumwagilia leo kwa wingi na kesho kusahau, tunda likakosa kalsiamu. Wenye majani ya mabaka au yaliyojikunja uache kabisa, maana virusi na bakteria wengine husafiri na mbegu. Toa matunda kwenye mitungule mitatu minne, na yaache yaivie hukohuko shambani mpaka yalainike.

Aina mbili zikikaa karibu si balaa kubwa. Ua la tungule hujichavusha lenyewe mara nyingi. Ziachanishe mita tatu, basi.

Kata tunda kwa upana, vyumba vyote vifunguke, kamulia kwenye glasi. Usitie maji, au kijiko kimoja tu kama tunda ni kavu: maji mengi huchelewesha kuchachuka. Funika kwa kitambaa nzi wasiingie, weka kivulini, mbali na jikoni kwa sababu itanuka. Ule ute si uchafu wa bure. Ndio unaozuia mbegu zisiote ndani ya tunda, na kuchachuka ndiko kunakoutoa. Maelekezo ya nchi za baridi husema siku tatu hadi tano. Kwa joto letu, siku moja na nusu hadi mbili zatosha. Koroga asubuhi na jioni. Utaona mapovu na utando mweupe wa ukungu juu. Chukua mbegu mbili, zisugue kwa vidole: zikiteleza, subiri, zikikwaruza kama msasa laini, tayari. Ukizisahau mpaka zitoe vincha vyeupe, zimeshaota humo glasini, hazifai kuwekwa.

Jaza maji, koroga, acha zitulie, mwaga zinazoelea. Rudia mpaka maji yawe safi, kisha chuja kwa chujio la chai.

Zianike kwenye sahani au sinia, tabaka moja. Gazeti hapana! Zitagandamana nalo. Siku ya kwanza zigeuze kila baada ya saa moja au mbili, zisishikane. Zikae barazani, kivulini, zipigwe na upepo. Juu ya bati la moto zitaungua, joto lisizidi nyuzi 35. Magharibi ziingize ndani, kwa kuwa hewa ya usiku ina unyevu zaidi. Baada ya siku nne au tano zitakuwa na manyoya mafupi na zitamwagika mkononi kama mchanga.

Wengi huishia hapo, nawe uliishia hapo. Mkono unasema zimekauka, lakini hewa yetu haiwezi kuzikausha kuliko ilivyo kavu yenyewe. Inabidi mchele. Kaanga mchele bila mafuta mpaka uanze kubadilika rangi, umimine ungali moto ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ufunge. Ukishapoa kabisa, funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, zitumbukize. Mchele uwe mara mbili ya uzito wa mbegu. Wiki mbili zikipita, hamishia mbegu kwenye kichupa kikavu, andika aina na mwezi, weka kwenye friji, si kwenye friza. Siku ya kuzitoa, usifungue kichupa kikiwa baridi: hewa ikiingia tu, umande utazishika. Kiache mezani saa kadhaa kwanza. Zikitunzwa hivi, miaka minne haizisumbui.

Kabla ya kupanda, hesabu mbegu 20, zikunje kwenye tishu yenye maji ya mvua au ya bomba. Maji ya kisima yakiwa na chumvi hudanganya, kwa sababu chumvi huzichelewesha hata mbegu nzima. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu zilizoota. Zikiwa 16 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa kumi, tia mbili kila shimo la kitalu.

Na kama una mbegu zilizogandamana na gazeti, usizibandue kwa kucha, utazipasua. Kata gazeti vipande, kila kipande na mbegu yake, ukifukie nusu sentimita tu. Karatasi itaoza yenyewe.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, Lamu.