Waajiri wa mbao wasitafute uaminifu kwa kufungia vyeti kabatini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa kazini, na katika muda wote huo sikuwahi kuwaandikia, kwa kuwa kila jambo lililoniudhi lilipata mtu wa kulijibu. Safari hii nimengoja na hakutokea mtu. Nazungumzia ile habari ya wenye viwanda vya mbao wa ukanda wetu waliolalamika kwamba vijana hawana uaminifu, kwamba ukimfundisha kijana kazi leo, kesho unamkuta kwa jirani. Mwandishi wenu aliwahoji waajiri watupu. Hakumtafuta hata mpasua mbao mmoja wa Mafinga au Makambako amuulize kwa nini aliondoka alikokuwa.

Nilikuwa fundi wa kunoa misumeno. Msumeno wa mkanda usiponolewa sawasawa hupata joto, hulegea na kuanza kutangatanga ndani ya gogo, hasa la msindano, yaani paini, wenye utomvu mwingi, na ubao uliotakiwa kuwa inchi 2 kwa 4 hutoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mnunuzi anayepakia lori la Dar es Salaam hauchukui. Ndiyo maana mwajiri mwenye akili angemshika mnoaji wake kwa mikono miwili.

Katika kiwanda kimoja huku Mufindi nilipewa kijana nimfundishe. Alianza kwa kubeba mabanzi, akawa anabaki baada ya zamu kunitazama nikinoa, na hatimaye aliweza kushika zamu nzima bila mimi, lakini aliendelea kulipwa kwa siku kama kibarua, bila mkataba, na miwani ya kukinga macho alijinunulia mwenyewe mnadani. Cheti chake cha kidato cha nne kilichukuliwa siku ya kwanza na kufungiwa kabatini ofisini, eti ni dhamana. Alipofiwa na mama yake alikwenda Makete kuzika, akarudi na kukuta siku zote alizokuwa msibani zimekatwa katika ujira wake, ilhali sheria inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 zenye malipo. Hata hilo alilimeza. Kisha akasikia kwamba VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, yaani fundi anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti, akaenda kwa adabu kuomba ruhusa ya kuhudhuria. Mkurugenzi alimjibu mbele yetu sote: “Nikikuacha upate cheti, nitakuwa nimekulipia nauli ya kuondokea.” Watu walicheka, na kijana naye alijitahidi kucheka. Jumatatu iliyofuata hakuonekana. Aliondoka bila hata kudai cheti chake cha shule, na kwa kadiri ninavyofahamu bado kimo katika kabati lile. Mwajiri aliyempokea Makambako alimwandikia mkataba, akamruhusu kwenda kupimwa, na hadi leo kijana yuko palepale, naye sasa anafundisha wengine. Yule wa kwanza alilazimika kumwita fundi wa kulipwa kila anapokuja, na hadi ninastaafu alikuwa akiniambia kwamba nilimfundisha kijana ujeuri.

Sasa kijana huyo ndiye mwaminifu au siye?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya mwaka 2004, si ya jana. Inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, apate likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na anapoondoka akabidhiwe hati ya utumishi. Hivyo vyote ni deni, na anayevitoa bado hajafanya hisani yoyote. Hisani, kwa maana ya kumfanya mtu akatae kuhama hata akiongezewa shilingi chache kwingine, huanzia pale mwajiri anapomfundisha mfanyakazi jambo ambalo hakulazimika kumfundisha, kisha akampandisha mshahara kwa sababu sasa analijua. Wapo waajiri wa namna hiyo katika Nyanda za Juu Kusini, ila hao hawana muda wa kulalamika kwa waandishi wa habari.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na hili. Mwajiri mwenye watu kumi na zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokokotolewa kwa asilimia ya mishahara, na wengi hunung'unika kwamba hawaoni inakokwenda. Katika hilo nawaunga mkono, kwa sababu na sisi hatukuiona. Hata hivyo, mafunzo yanapopatikana, anayekwenda ni meneja au shemeji yake. Hulala hotelini Iringa mjini, hurudi na posho na begi lenye nembo, na msumeno unabaki kama ulivyokuwa. Sisi tulikumbukwa Mei Mosi tu, kwa fulana yenye jina la kampuni mgongoni na blanketi kwa mfanyakazi hodari, ambaye mwaka uliofuata alikuwa bado kibarua.

Napendekeza kwamba mtakapowaalika tena wenye viwanda kuzungumzia uaminifu, kila mmoja aje na vitu viwili: daftari la likizo la mwaka uliopita na ufunguo wa kabati la vyeti. Asiye na daftari asipewe kipaza sauti. Na mwenye ufunguo aanze kwa kurudisha vya watu, kisha tumsikilize.

Fundi Misumeno Mstaafu,
Mafinga, Iringa.