Tuzo ziende na vimbwetani

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niwaombe TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, waanzishe tuzo ya programu zinazowafanya wanafunzi waelewe, najua nimeandika ndefu, mkitaka kupunguza punguzeni salamu.

Nilimpeleka mpwa wangu kwenye yale maonesho ya vyuo vikuu ya TCU pale Mnazi Mmoja, tulitoka Moro alfajiri na basi la kwanza, kijana kamaliza fomu siksi, kasoma PCM na hajui aende wapi. Tumezunguka mabanda mpaka miguu ikawaka moto. Tumepewa kalamu, tumepewa fulana moja (tukagombania, nikamwachia), tumepewa vipeperushi kilo nzima. Kila banda ni picha za jengo jipya, maabara mpya, hosteli, waifai, na jamaa kavaa joho anacheka. Sasa mi kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu sekondari nina kiswali changu kimoja, nikawa namuuliza kila ninayemkuta bandani: hapa kwenu somo gani watoto wa mwaka wa kwanza wanasapu sana, yaani wanafeli na kurudia mtihani, na mnawasaidiaje? Basi, hilo tu. Wa kwanza akacheka akauliza kama natoka wizarani. Wa pili akanipa kipeperushi kingine. Wa tatu akasema "sisi wanafunzi wetu wanafaulu wote mzee", hapo nikajua napigwa fiksi, nikamwambia mpwa wangu twende zetu tukanywe soda.

Nilikuwa siulizi kwa ubishi. Jibu la hilo swali nimewahi kuliona kwa macho yangu, tena nimelikalia kabisa, lilikuwa kwenye kimbweta, yale mabenchi na meza za nje ambako wanafunzi wa chuo hukaa kujisomea.

Chuo sikitaji. Naingia mwaka wa kwanza, ualimu wa sayansi, tukakutana na kozi ya kalkulasi. Ukumbi umejaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi, lekchara yuko kule mbali anaongea na ubao, alama za Kigiriki zinashuka kama mvua, na wewe umesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, sekondari ukakariri kwa Kiingereza ukafaulu hivyo hivyo, leo unaambiwa epsiloni na delta na hujui hata hizo ni namba au ni majina ya watu. Usiku tunapiga msuli na madesa ya mwaka juzi, asubuhi giza liko pale pale. Testi ya kwanza tulilambwa wengi, kuna jamaa yangu wa chumba kimoja alianza kuulizia kuhamia kozi nyingine kabla hata semista haijafika katikati.

Sasa kulikuwa na mhadhiri mmoja kijana ndio kwanza kaajiriwa. Akawachukua wanafunzi sita wa mwaka wa pili waliokwisha kuifaulu hiyo kozi, na sio vipanga watupu, alikuwepo mmoja aliyetoka na B baada ya kuhangaika sana na nadhani yule ndiye aliyetufaa kuliko wote maana alijua tunakwama wapi, vipanga wengine hawajui hata kwamba pale pana shimo. Akawaambia mtarudi kukaa darasani na wadogo zenu msikilize lekcha upya, halafu mara mbili kwa wiki jioni mnakaa nao vimbwetani. Sharti moja, msiwafundishe! Ukifika hufungui notsi ukaanza kuhubiri, unauliza nani kakwama wapi, na anayejibu ni mwenzake aliyekaa pembeni, wewe kazi yako kushika usukani gari lisiingie mtaroni.

Tulidhani ni diskasheni kama diskasheni zingine, zile watu kumi wanakuja, wawili wanaongea, wanane wanachati. Haikuwa hivyo. Yule bro wa B siku moja akatukuta tumenuna juu ya limiti (ile namba ambayo hesabu inaisogelea), akasema jamani wekeni Kigiriki pembeni, sasa hivi tuko Kariakoo. Mteja anataka kitambaa cha mita moja, anakwambia kikizidi au kikipungua isiwe zaidi ya hapa, anakuonyesha ukucha. Ule ukucha ndio epsiloni, kaupanga mteja. Wewe unayekata, kazi yako kujua mkono wenye mkasi uyumbe mwisho wapi ili kosa lisizidi ukucha wa mteja, hiyo ndio delta, hiyo unaipanga wewe. Akija mteja mkorofi zaidi anataka nusu ukucha, na wewe unaubana mkono zaidi. Kama kila mteja, awe mkorofi kiasi gani, una jibu lake la mkono, limiti ipo. Akipatikana mmoja tu huna jibu lake, limiti hamna, funga duka.

Mhariri, ile jioni kuna watu walipiga makofi. Yote kaeleza kwa Kiswahili, halafu ndio akaturudisha kwenye Kiingereza cha mtihani mstari kwa mstari, safari hii tunaandika kitu tunachokijua. Huyu jamaa yangu wa chumbani hakuhama kozi, leo naye ni mwalimu. Na mimi mwaka uliofuata nikawa mmoja wa wale wanaokaa na wadogo zao, nikapewa daftari niwe naandika nani kaja, na matokeo yakitoka tunajaza pembeni.

Mwaka wa tatu mhadhiri wetu akaenda nje kusoma PhD. Ikajifia. Hamna aliyeiua, hamna aliyeipinga, ilijifia kama mmea ambao kila mtu anadhani mwenzake anaumwagilia. Idarani haikuwahi kuandikwa kwenye ripoti yoyote, zile saa zake za jioni hazikuhesabiwa kwenye mzigo wake wa kazi, sisi tuliosaidia hatukupata hata karatasi ya kusema asante (cheti kingetusaidia kuombea kazi jamani, acheni tu). Na tuseme ukweli, mhadhiri kupanda cheo kunategemea sana machapisho. Ukikaa vimbwetani jioni mbili kwa wiki, mwenzako kajifungia ofisini anaandika pepa, atakayeitwa mhadhiri mwandamizi kwanza ni nani? Simlaumu aliyejifungia, mchezo ndivyo ulivyopangwa.

Miaka ikapita. Usiku mmoja nipo na bando langu natafuta mbinu za darasani, nikakuta kumbe kile kitu chetu kina ndugu yake mkubwa, na ana jina, anaitwa Supplemental Instruction. Mwaka 1973, chuo kikuu cha Missouri pale Kansas City, mama mmoja anaitwa Deanna Martin alianzisha utaratibu karibu sawasawa na wetu kwa sababu wanafunzi walikuwa wanaangukia njiani kwenye udaktari, meno na famasia. Mwanafunzi aliyekwisha faulu anarudi darasani, anakaa na wenzake, anauliza badala ya kufundisha. Na akawa na akili moja ambayo sisi hatukuwa nayo: hakusema hawa ni wanafunzi dhaifu waje kusaidiwa, alisema hii KOZI ndiyo ngumu, kila anayeisoma anakaribishwa. Hapo hakuna aibu, maana ukiita kipindi cha wajinga nani atakuja?

Lakini kilichoniuma ni kilichofuata. Mwaka 1981 wizara ya elimu ya Marekani ikaikagua ile programu, ikaitambua rasmi kuwa ni ya mfano. Na hawakuitambua kwa kuangalia picha, ilibidi waonyeshe kwamba wanaohudhuria wanapata alama za juu kuliko wasiohudhuria, wanaofeli na kuacha kozi ni wachache, na wengi wanabaki chuoni mpaka kumaliza. Kule kutambuliwa kukafungua na njia ya fedha za kuwafundisha vyuo vingine. Ikaenda Uingereza, ikaenda Australia, ikafika mpaka Afrika Kusini, chuo cha Nelson Mandela kule kimekuwa kituo cha kuwafunza wengine. Wazo moja, wazo la kukaa kwenye benchi na kuulizana! La kwao limezunguka dunia, la kwetu limeishia kwenye daftari langu.

Sasa mtu asije akasema Tanzania hatuna utamaduni wa kutuza, tunao. Mtoto akitamba kwenye masomo ya sayansi fomu siksi kuna Samia Scholarship toka 2022. Mwandishi wa riwaya na ushairi ana Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Mtafiti akichapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa serikali inampa pesa, tena nzuri tu. Vyote hivyo naviunga mkono mia kwa mia. Mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu nao umepata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, majengo yanapanda, mitaala inapitiwa upya, vizuri sana. Ila anayefanya mwanafunzi wa kawaida, yule wa bumu (pesa ya mkopo) limekata na testi keshokutwa, aelewe kitu alichokuwa haelewi, huyo yuko kwenye tuzo gani? Mi sijaiona, na kama ipo basi imefichwa vizuri kuliko mtihani.

Najua wapo watakaosema hizi ni stori za vijiweni, hisia za mtu aliyesaidiwa na bro wa B. Haya. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni, wakalinganisha darasa la kusikiliza lekcha tu na darasa ambalo wanafunzi wanafanya kitu wenyewe, wanajadiliana, wanajibu. Kwenye lekcha tupu walifeli karibu 34 katika kila 100, kule kwingine karibu 22. Chukua ukumbi wa watu mia tatu upige hesabu mwenyewe, ni kama watu 36 hao, basi zima la Moro mpaka na waliosimama. Kila mmoja ana mama yake kijijini anasubiri mahafali.

Wenzetu Uingereza walikuwa wanawapa tuzo walimu wa vyuo mmoja mmoja toka 2000, halafu 2016 wakaongeza tuzo ya timu, yaani kundi zima lililobadilisha ufundishaji linatuzwa kwa pamoja. Hiyo ndiyo naitaka. Ukimtuza mtu mmoja, akienda PhD tuzo imepanda naye ndege. Ukituza programu unakuwa umeiambia idara kwamba hiki kitu ni chenu, mkikiacha kife mtaulizwa. Ile yao nyingine ya kuvipa vyuo vizima medali za dhahabu, fedha na shaba iliyoanza 2017 siitaki sana, kwetu ingeishia kwenye mabango ya barabarani.

Ndio maana nawaomba TCU, nyie mnakagua vyuo kila siku, mnajua njia. Chaguo langu lingekuwa hivi, chuo kinaleta programu moja tu, iwe imedumu si chini ya miaka mitatu, na inaonyesha kozi ilikuwa inafelisha vipi na sasa ikoje. Na mchunguze vizuri, maana hapa kuna mtego, anayekuja kimbwetani kwa hiari mara nyingi ndiye mwenye bidii toka mwanzo, sasa ukilinganisha mwenye bidii na mtoro utasema kimbweta ndicho kilichofaulisha kumbe ni bidii zake. Lazima mlinganishe watu walioingia na alama zinazokaribiana. Hata mimi daftari langu nimelikagua kwa jicho hilo na kuna kurasa nimezifuta mwenyewe moyoni. Halafu mwite wanafunzi, muwaulize pembeni bila mkuu wa idara kukaa pale. Mshindi asipewe kombe la kuweka kabatini, apewe hela ya kupeleka programu yake kwenye vyuo viwili vingine, kimoja cha mkoani. Na sio lazima ziwe hesabu. Eldoret kwa jirani zetu, kitivo cha udaktari cha Moi kina utaratibu wao wa siku nyingi, wanafunzi wanapelekwa vituo vya afya vijijini wakae na jamii wajifunze kwa wagonjwa wenyewe na mazingira yao. Kwetu nina hakika yapo ya hivyo kwenye kilimo, kwenye ualimu, kwenye sheria, yamejificha kwa sababu wenye nayo hawana muda wa kupiga picha.

Nachoomba zaidi isije ikawa zile tuzo za kununua meza hotelini, mnatumiwa barua "hongera mmeteuliwa" na chini yake kuna namba ya akaunti. Wala za kupiga kura kwa SMS, chuo chenye wanafunzi wengi kitashinda kila mwaka hata kama kinafundisha kwa mawimbi ya redio.

Mpwa wangu bado hajachagua. Kwenye basi kurudi aliniuliza mjomba kwani wewe ulikuwa unatafuta nini mle kwenye mabanda, nikamweleza habari ya ukucha na mkasi, akanyamaza mpaka Chalinze, halafu akaniuliza, sasa mteja akitaka kosa liwe sifuri kabisa inakuwaje? Nikamwambia hilo ndilo swali, ukucha hauruhusiwi kuwa sifuri, na chuo ambacho utaliuliza na mtu akakaa na wewe kulijibu ndiko uende, ila kipeperushi cha kukwambia ni kipi hatujapewa.

Lile daftari ninalo mpaka leo, kava limetoka, kurasa za mwisho zimeandikwa kwa kalamu tatu tofauti za kuazima. TCU wakilihitaji waniulize kupitia kwako Mhariri, kopi nitatoa, lenyewe silitoi.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa hesabu, Morogoro