Msizibe vitundu vya kuta za mlimani

Mhariri,

Mitaa mikongwe ya mlimani hupendwa kwa ngazi zake, kuta za mawe na madirisha yanayotazama juu ya paa la jirani. Wanaoikarabati ndio huiharibu, kwa saruji. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa chokaa, na ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji maji hunaswa ndani, chumvi hujitokeza, na lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kwa lipu ya chokaa, ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga yatosha; ikishapigwa ilowanishwe siku kadhaa isikauke upesi.

Hatari zaidi ni kuta za kuzuia udongo. Vile vitundu vya chini (ambavyo huzibwa eti ukuta upendeze!) hutoa maji. Vikizibwa, maji hujaa nyuma, ukuta hutoa tumbo, kisha huporomoka. Nyuma yake pajazwe kokoto, si udongo mtupu.

Ngazi nazo: kimo sm 15, kina sm 32, zikiinama mbele kidogo maji yasituame. Zikimwagiwa lami ziwe mteremko, mvua hushuka kwa kasi hadi kwenye misingi ya nyumba za chini.

Ni sisi mafundi waashi